Sikilizeni Kwanza, Ndipo Mpeane Mikono

Somo: Mwanzo 31:25–55, Waefeso 2:13–16



Wacha nianze na mahali ambapo wengi wetu tumepasikia: Lokichogio, kule Turkana, karibu na mpaka wa Sudan Kusini. Mwezi Juni 1998 machifu wa Kidinka na wa Kinuer walikutana pale. Wakati huo Sudan ilikuwa vitani tangu 1983, kusini wakipigana na serikali ya Khartoum. Lakini machifu hawa hawakuja kuzungumza habari za Khartoum. Walikuja kwa sababu watu wa kusini wenyewe walikuwa wanauana.

Shida ilianzia juu. Agosti 1991 Riek Machar, ambaye ni Mnuer, alijitenga na John Garang, Mdinka, aliyekuwa kiongozi wa SPLA. Novemba mwaka huo huo eneo la Bor likavamiwa na maelfu ya Wadinka wakauawa. Tangu hapo ikawa ni kulipizana tu: ng'ombe wanaibwa, vijiji vinachomwa, wanawake na watoto wanatekwa. Wazee wetu walisema fahali wawili hawakai zizi moja. Hapa walioumia ni wale ambao hata hawakuwa kwenye ugomvi wa mafahali.

Wakubwa walijaribu. Oktoba 1993 Garang na Machar walikutana Washington, wakakubaliana mambo kadhaa, lakini wakashindwa kutia sahihi pamoja. Vita ikaendelea. Ndipo Baraza la Makanisa la Sudan Mpya, lililokuwa na ofisi hapa Nairobi, likaamua kuanzia chini, kwa machifu wenyewe. Baada ya Lokichogio machifu wakaanza kutembeleana. Hebu fikiria ujasiri huo, kwenda kulala kwa watu ambao juzi walichoma kijiji chako!

Halafu ukaja mkutano wa Wunlit, katika nchi ya Wadinka, kuanzia tarehe 27 Februari hadi 8 Machi 1999. Nyumba za udongo na nyasi zilijengwa kwa ajili ya wageni. Na sasa sikia walivyofanya, maana hapa ndipo penye somo letu. Hawakuanza na karatasi ya kutia sahihi. Walianza na kusikiliza. Upande mmoja ulisimama ukaeleza yote uliyotendewa, mbele ya waliotenda, na upande ule mwingine ukakaa ukasikiliza. Kisha wakabadilishana. Jambo hilo lilichukua siku kadhaa. Baada ya hapo ndipo wakazungumza juu ya malisho na maji, juu ya waliotekwa kurudishwa kwao, juu ya njia kufunguliwa watu watembee bila hofu. Zaidi ya watu 300 wakatia sahihi agano.

Sasa rudi kwenye Biblia yako. Labani alimfuata Yakobo siku saba, na akilini hakuwa na mazuri. Walipokutana katika mlima wa Gileadi, Mungu alikuwa ameshamwonya Labani usiku. Angalia mpangilio wa ile sura. Labani anatoa lalamiko lake: umeniibia, umeondoka na binti zangu kama mateka. Yakobo naye anakasirika, anajibu: miaka 20 nimekutumikia, jua la mchana likanichoma, baridi ya usiku ikanipiga, na mshahara wangu umeubadilisha mara kumi. Kila mmoja anasema na mwenzake anasikia. Baada ya hayo ndipo mawe yanakusanywa, wanakula pamoja juu ya rundo, wanaapa.

Na kuna jambo dogo ambalo huwa tunalipita. Lile rundo lilipewa majina mawili. Labani aliliita kwa lugha yake, Yakobo akaliita kwa lugha yake, na maana ni ile ile: rundo la ushahidi. Hakuna aliyelazimishwa kuacha lugha ya mama yake ili amani ipatikane. Haleluya!

Wapendwa, nilisomea biashara kabla ya kuingia kwenye huduma. Mwisho wa mwezi mhasibu huchukua kitabu chake na taarifa ya benki, akavilinganisha mstari kwa mstari. Kazi hiyo tunaiita kupatanisha hesabu. Huwezi kuandika kwamba vinalingana kwa sababu umechoka na unataka kwenda nyumbani. Kila kiasi kilichoandikwa upande mmoja na hakionekani upande wa pili lazima kitafutwe. Ukikiruka mwezi huu, mwezi ujao bado kitakungoja.

Sisi kanisani tunapenda kuruka. Mtu akianza kueleza alivyoumizwa, tunamkatiza: yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Tunamwambia asamehe, tunampa wimbo, tunafunga kwa maombi. Nabii Yeremia, sura ya 6, aliwalaumu viongozi wa siku zake kwa jambo hilo hilo, kutangaza amani huku kidonda kimefunikwa bila kusafishwa. Ndwele ambayo haijatajwa haijaganguliwa, ndugu yangu.

Najua kuna mtu ananiuliza, "Pasta, kule Wunlit si walichinja fahali mweupe?" Ndiyo, walichinja, kwa mila zao, na wakasema atakayevunja agano yatampata yaliyompata yule fahali. Mimi sikuiti huko. Waebrania 10 inatufundisha kwamba damu ya mafahali haiwezi kuondoa dhambi. Lakini swali hili limeninyima usingizi: kama watu walioapa juu ya damu ya fahali waliogopa kuvunja neno lao, mimi na wewe tunaoshiriki Meza ya Bwana tunavunja neno letu kwa urahisi gani? Paulo anawaambia Waefeso kwamba Kristo mwenyewe ndiye amani yetu, naye aliubomoa ukuta kwa mwili wake. Sasa nani anaujenga tena, tofali kwa tofali, ndani ya grupu ya WhatsApp ya ushirika wetu?

Matunda ya Wunlit yalionekana. Mapigano kati ya jamii hizo upande ule wa magharibi wa mto Nile yalipungua sana. Vita vya maeneo ya mafuta vilipowafukuza Wanuer wengi makwao, walikimbilia kwa Wadinka, na wakapokelewa. Januari 2002, hapa Nairobi, Garang na Machar wakaunganisha majeshi yao. Wakubwa walifika mwisho mahali ambapo machifu walitangulia.

Lakini lazima niseme ukweli wote. Desemba 2013, nchi ikiwa huru kwa miaka miwili tu, vita vilizuka Juba na vidonda vya zamani vikafunguka. Sababu zilikuwa nyingi. Ila jueni hili: Machar alikuja kuomba radhi hadharani kwa ajili ya Bor mwaka 2011, miaka 20 baada ya damu kumwagika. Agano si kitu unachofanya mara moja ukaweka kabatini. Rundo la mawe lisipotunzwa, nyasi hulifunika.

Na sisi Wakenya tusijione. Tarehe 28 Februari 2008 viongozi wetu walitia sahihi mkataba, tukamshukuru Mungu, na ilikuwa haki kumshukuru. Lakini huenda kwenye kiti kilicho karibu nawe ameketi mtu aliyechomewa duka mwaka ule, na tangu siku hiyo hakuna mshirika hata mmoja aliyemuuliza, "Ilikuwaje?" Anaimba nasi. Anatoa sadaka. Uchaguzi ukikaribia, anafunga mizigo yake kimya kimya.

Kwa hiyo wiki hii nina ombi moja. Tafuta mtu mmoja wa jamii nyingine hapa kanisani, au yule ndugu ambaye mnasalimiana tu mlangoni. Kaa naye, kunyweni chai. Muulize, kisha unyamaze. Usijitetee, usitetee kabila lako, usimkatize kwa aya. Zamu yako itafika, nawe utasikilizwa. Mkimaliza, ombeni pamoja, kila mtu kwa lugha yake akitaka. Yule wa Gileadi anazielewa zote mbili.

Tuombe. Baba, tusamehe kwa kusema amani mahali ambapo hatukusikiliza. Tupe masikio kabla ya midomo. Kwa damu ya Yesu, bomoa ukuta ulio katikati yetu, ukianza na tofali nililoliweka mimi. Katika jina la Yesu, Amina.