Bastola Ndani ya Nyumba

Mabwana wengine wenye maduka huomba kibali cha bastola kwa kuogopa majambazi. Je, ni haki bwana aingize silaha nyumbani bila kumwuliza mkewe? "Serikali imeniruhusu," husema.

Ruhusa hiyo hubadilika kwa mahali. Huko Marekani, Texas iliacha mwaka 2021 kudai kibali cha kubeba bastola. New York bado hukidai, wala haitambui kile cha jimbo jingine. Mtu yule yule, bastola ile ile: huku mwema, kule mhalifu! Sheria yetu ya Silaha, Sura ya 114, yataka mwombaji awe na sababu ya kutosha, wala asiwe mlevi au mwenye akili isiyo timamu.

Sasa, swali hilo la ulevi, afisa atalijibuje? Yeye humwona bwana mchana, amenyoa ndevu, amevaa tai. Mama ndiye amfunguliaye mlango saa sita usiku. Ndiye ajuaye hasira zake, na jinsi watoto wanavyopekua kabati.

Mama, usikatae kwa hofu tu. Aliyevamiwa dukani ana haki ya kujilinda, na Kanisa halimkatazi. Lakini ukimwambia, "Naogopa siku utakayorudi umelewa," huo ni ushahidi ambao afisa hakuupata. Nawe bwana, kabla ya kutia sahihi fomu ile, mpe mama aisome, umwulize kama angekuandikia barua ya kukusifu.