Jawabu kwa Walioulizia Dua za Mpira

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na masahaba zake.

Ama baada ya hayo. Tumeulizwa mara nyingi, msikitini na barazani, na khasa na vijana wetu wa chuoni, suala hili: Je, Mwenyezi Mungu huzipokea dua za watu wanaoomba timu yao ishinde? Na kama huzipokea, mbona twaomba, kisha twashindwa? Wako wazee wanaoliona suala hili kuwa ni la upuuzi lisilostahiki wino. Sisi hatulioni hivyo. Mwenye kuuliza khabari ya mpira huenda anauliza jambo lililo kubwa kuliko mpira, nalo ni kama Mola wake humsikia au hamsikii. Na mwalimu anayemfukuza kwa kumcheka amemwacha aende akatafute jawabu kwa mganga.

Wasomaji wetu wanaikumbuka Disemba ya mwaka 2017. Mwezi wa Machi mwaka ule Zanzibar ilipokewa katika Shirikisho la Mpira la Afrika, na mwezi wa Julai ikatolewa, kwa hoja kuwa si dola iliyo peke yake. Watu wakabaki na uchungu. Kisha vijana wetu wakenda Kenya kucheza Kombe la Chalenji, ambalo Zanzibar hulichezea kwa jina lake yenyewe. Wakawafunga Rwanda, wakawafunga ndugu zetu wa Tanzania Bara, na katika nusu fainali wakawafunga Uganda waliokuwa mabingwa. Tarehe 17 Disemba wakasimama na wenyeji, Kenya, katika fainali huko Machakos. Dakika 120 zikaisha mabao 2 kwa 2. Ikaja mikwaju ya penalti, na golikipa wa Kenya, Patrick Matasi, akaizuia mitatu. Kombe likabaki Kenya.

Baada ya siku zile kijana mmoja alinijia, ambaye mama yake alikuwa mgonjwa wa muda mrefu. Akasema: "Maalim, nilifunga kwa ajili ya mchezo ule, nikaamka usiku nikasali, nikaomba mpaka nikalia. Haikupokewa. Basi na hizi ninazomwombea mama, nitajuaje kuwa zinafika?" Neno hili ndilo lililotufanya tuandike. Mpira umepita, na kombe litachezwa tena. Lakini kijana aliyeacha kumwombea mama yake amepata hasara isiyofidiwa na kombe lolote.

Basi jua, ewe ndugu yangu, ya kwamba itikadi yetu ni kuwa hakuna kitu kinachotoka nje ya kadari ya Mwenyezi Mungu, hata mpira unaogonga mwamba ukarudi. Yeye ametuamrisha katika Sura ya Ghafir, aya ya 60, tumwombe, akatuahidi kutuitikia. Na katika Sura ya al-Baqara, aya ya 186, ametujulisha kuwa yu karibu na mwenye kumwomba. Ahadi hizi ni za kweli. Lakini wengi wetu twadhani kuitikiwa ni kupewa kitu kile kile kwa saa ile ile, na hapa ndipo mguu unapoteleza. Imam Ahmad amepokea kwa Abu Said al-Khudri kuwa Mtume (s.a.w.) alieleza ya kwamba Mwislamu akiomba dua isiyokuwa na dhambi wala kukata udugu, hupewa moja katika mambo matatu: ama huharakishiwa alilolitaka, ama huwekewa akiba Akhera, ama huepushiwa shari iliyo mfano wake. Masahaba waliposikia hayo wakasema kuwa basi watazidisha kuomba.

Hapa nawaonya walimu wenzangu. Wako wanaomwambia kijana aliyefungwa timu yake, "Mungu amekuepusha na balaa," kana kwamba wameisoma Lauhi Mahfudh. Hadithi imetaja mambo matatu, wala haikutuambia katika siku fulani ni lipi kati ya hayo. Tumwambie kijana yale tuyajuayo: dua yake imesikiwa, wala haikupotea.

Tena na tutazame upande wa pili, kwani mshabiki hakumbuki kuwa kuna upande wa pili. Kenya nako, Mombasa na Lamu na Malindi, wako Waislamu wanaosali kwa madhehebu yetu haya haya ya Imam Shafii, na wengine ni jamaa zetu wa damu. Wao hawana mikono ya kuinua? Nahodha aliye Unguja anataka kupandisha Lamu, naye huomba kusi. Na nahodha aliye Lamu anataka kuteremka Unguja, naye huomba kaskazi. Wote wawili wanasali, wote wawili wana watoto wanaowangojea. Upepo uvumao siku ile ni mmoja. Je, atakayekaa bandarini na aseme kuwa Mwenyezi Mungu amemchukia? Hili halisemi nahodha yeyote mwenye akili. Atakaza kamba zake na atangoja. Mshabiki wa mpira hulisema kabla hajatoka uwanjani.

Na lililo wazi kuliko yote ni kisa cha Adhbaa, ngamia wa Mtume (s.a.w.), alichokipokea Imam Bukhari kwa Anas. Ngamia huyu alikuwa hashindwi mbio. Akaja bedui mmoja na ngamia wake mchanga, akampita. Jambo lile likawa zito kwa Waislamu, mpaka Mtume akaitambua huzuni yao. Akawajulisha kuwa ni haki juu ya Mwenyezi Mungu kwamba hakuna kitu cha dunia kinachoinuka illa hukishusha.

Taamali kisa hiki, maana mna ndani yake jawabu yote. Kwanza, masahaba walihuzunika kwa kushindwa katika mbio, wala Mtume hakuwakemea kwa huzuni yao. Kwa hivyo kijana aliyelia siku ya Machakos hakufanya dhambi, na asiambiwe kuwa imani yake ni haba. Pili, ni nani aliye karibu na Mola kuliko mwenye ngamia yule? Ingekuwa kushinda ni alama ya kupendwa, bedui yule asingempita kamwe. Tatu, Mtume hakusema kuwa ngamia wake amerogwa, wala hakuuliza bedui alipita kwa nani njiani. Alilihesabu jambo lile kuwa ni mwendo wa dunia ulivyo. Mwaka 1995 Zanzibar ililitwaa Kombe la Chalenji nchini Uganda. Nani atathubutu kusema kuwa watu wa 1995 walikuwa wachamungu, na watu wa 2017 mafasiki?

Tumesikia pia kuwa wako wanaotaka kusomesha Halbadiri juu ya timu pinzani, au juu ya refa. Subhanallah! Majina ya watu wa Badri yasomwe kwa ajili ya penalti? Na wanaoyataja hawaijui khabari ya wenye majina. Siku ya Badri, mwaka wa 2 wa Hijra, Mtume aliomba mpaka shuka ikamwanguka mabegani, na hali alikuwa amekwisha kupanga safu zake. Mwaka uliofuata, katika Uhudi, wengi wa watu wale wale walikuwapo, na Mtume yule yule yuko kati yao. Wapiga mishale wakaacha pahali walipowekwa, na Waislamu wapatao 70 wakauawa, na uso wa Mtume ukajeruhiwa. Mwenyezi Mungu hakuwaondoshea matokeo ya kuacha mahali pao kwa kuwa ni vipenzi vyake. Kisha iweje amwondoshee hayo beki aliyekesha akitafuna mirungi?

Ama kufukia vitu uwanjani, na kupanda ukuta kwa kuogopa kupita mlangoni, na kufunga hirizi za mganga viunoni, hayo hatuyatolei maneno mengi. Imam Muslim amepokea kuwa mwenye kumwendea mpiga ramli akamuuliza jambo, haikubaliwi sala yake siku 40. Fainali huisha kwa saa mbili.

Basi yafaa kuomba ushindi? Yafaa, kwani ni jambo la halali, na mja humwomba Mola wake hata ukanda wa kiatu. Lakini kuomba mchezaji wa upande wa pili avunjike mguu ni kupindukia mpaka katika dua, na Mwenyezi Mungu hawapendi wenye kupindukia. Na aombaye na aombe usalama wa wote na nguvu ya mwili, na afanye mazoezi, kwani Mtume (s.a.w.) alimwambia mtu amfunge ngamia wake kisha ategemee. Akishindwa, asikae akisema lau ningepiga kushoto, lau ningepiga kulia. Katika hadithi aliyoipokea Muslim tumefundishwa kusema kuwa hii ni kadari ya Mwenyezi Mungu, na alitakalo hulifanya.

Na liko jambo moja la siku hizi ambalo laiharibu dua kabisa, nalo ni kubeti. Kijana huweka shilingi zake katika simu juu ya timu, kisha huinua mikono. Mlango wa mashindano ni mlango ambao, kama alivyosema al-Muzani, hakuna aliyemtangulia Imam Shafii kuutungia. Na Imam Nawawi katika Minhaj ameutaja mpira unaopigwa kwa fimbo miongoni mwa michezo isiyofaa kuwekeana mali. Hayo ni kwa wachezaji wenyewe. Sembuse mtazamaji aliyekaa kibandani akawekeana mali na watu asiowajua? Hiyo ni kamari. Na hadithi ya Abu Said tuliyoitaja imeitoa dua yenye dhambi katika ile ahadi. Mwenye kuomba ushindi ili ale mali ya kamari asiulize kwa nini hakuitikiwa.

Kadhalika wako wanaokwenda Amaan mchezo wa jioni na alasiri hawajaisali, wakatoka na magharibi imewapita, na katikati ya sala hizo mbili wameomba dua kumi za bao. Wamewahi kumwomba kabla ya kumwitika.

Limebaki suala la kusujudu baada ya bao, ambalo vijana wameliona kwa Mohamed Salah wa Misri na wengineo. Sijida ya kushukuru kwetu sisi Mashafii ni sunna inapozuka neema au inapoondoka balaa, lakini masharti yake ni masharti ya sala: udhu, kuelekea kibla, na kusitiri tupu, nayo kwa mwanamume ni baina ya kitovu na magoti. Mchezaji mwenye kaptura iliyo juu ya magoti, ameelekea jukwaa la mashabiki, na udhu wake hajui ulipo, sijida yake haisihi. Nia yake twaidhani njema. Wachezaji wa Morocco tarehe 14 Disemba 2022 walifungwa na Ufaransa 2 kwa 0 katika nusu fainali ya Kombe la Dunia, wakasujudu mbele ya watu wao na hali wameshindwa; fiqhi ni ile ile, lakini kijana wangu aliyeniuliza khabari ya mama yake nilimwonyesha picha ile, akaitazama kwa muda mrefu. Ama mwenye kufunga bao na hana masharti tuliyoyataja, na aseme alhamdulillahi kwa ulimi wake hali amesimama, kisha arejee upande wake, mchezo uendelee.

Wallahu aalam.