Kuvuka na Kuvushwa

Siku moja pale Morocco, Dar es Salaam, nilimshika mkono mzee mwenye fimbo nyeupe, nikamvusha barabara. Magari yalitupisha, nami nikajiona mtu mwema. Tulipofika ng'ambo akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, nani kakwambia navuka? Mimi nasubiri gari la Mwenge."

Nilikuwa nimeona kila kitu: fimbo, ukingo wa barabara, uso ulioelekea upande wa pili. Nililokosa lilikuwa moyoni mwake.

Kosa langu ndilo mtego wa wabunifu wa mifumo ya kompyuta inayotambua muktadha: vifaa vinavyosoma mahali, saa, sauti na mwendo, kisha vikamsaidia mtu hata kabla hajabonyeza kitu. Mwaka 2001 mtafiti wa kompyuta Anind Dey alieleza kwamba muktadha ni taarifa yoyote inayoweza kubainisha hali ya mtu, mahali au kitu. Maelezo hayo yametumika sana. Lakini kwetu hali ya mtu huulizwa. "Hali gani?" ni swali, na mwenye hali ndiye mwenye kauli. Anaweza kujibu "nzuri" huku homa inamchoma, nasi tukalipokea jibu lake kwa heshima. Mashine huiruka salamu hiyo. Hupima, hukisia, hutenda.

Na kukisia kuna gharama. Simu inayomwongoza asiyeona yaweza kukosea mahali alipo kwa mita kadhaa, ilhali kati ya njia ya miguu na mtaro pana hatua moja tu. Afadhali simu inayosema "nadhani" kuliko inayoamuru kwa sauti ya uhakika.

Mtu ataniuliza: na asiyeweza kujibu je? Huko Toronto, Kanada, Alex Mihailidis na wenzake walitengeneza mfumo uitwao COACH, wa kuwasaidia wazee wenye ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu wanaponawa mikono. Kamera iliyo juu ya sinki hufuatilia mikono: maji, sabuni, taulo. Mzee akikwama, mfumo humkumbusha hatua inayofuata. Akiendelea vizuri, hunyamaza. Ukimya ule nauhesabu kuwa swali. Mashine inaipa mikono nafasi ya kujibu kile ambacho ulimi umeshindwa.

Hata hivyo, kamera ya bafuni ni jicho la mgeni. Mwenye bafu, au anayemsemea kwa haki, asipokuwa na uwezo wa kulifumba, msaada umegeuka upelelezi.

Lugha yetu imelipima jambo hili zamani, ndani ya vitenzi vyake. Kunawa si kunawishwa. Kuvuka si kuvushwa. Barabara ni ileile, na miguu ni ileile. Kinachobadilika ni nani mtenda na nani mtendwa. Mbunifu angeanza hapo, kabla ya kufikiria kamera na vihisio: mtu akishatumia kifaa changu, atasema nimevuka, au nimevushwa?

Nilimrudisha mzee tulikotoka, nikiwa na aibu. Daladala ikaja, konda ananing'inia mlangoni akiita, "Mwenge! Mwenge!" Akaiona fimbo nyeupe, kama nilivyoiona mimi.

"Mzee, twende?"

"Twende," mzee akasema, akakitafuta kidato kwa fimbo yake, akapanda.