JUMANNE: Mtoto Akiwa Katikati

Soma 1 Wafalme 3:16-27. Mama halisi alifanya nini kabla upanga haujaletwa, na alifanya nini ulipoletwa?

Kisa hiki hufundishwa zaidi kama habari ya hekima ya Sulemani, na yule mwanamke hupitwa haraka. Lakini fungu la 22 laonesha kwamba hakuwa mtu wa kunyamaza. Alikwenda mbele ya mfalme, akaeleza habari yake tangu mwanzo, akabishana na mwenzake hadharani. Hakuna mahali anapolaumiwa kwa hilo. Aliacha madai yake upanga ulipoletwa, maana sasa kilichokuwa hatarini si haki yake tena bali uhai wa mtoto.

Washiriki wengine ambao ndoa zao zimevunjika huambiwa kwamba Mkristo wa kweli hapeleki shauri la watoto mahakamani, nao hutajiwa 1 Wakorintho 6. Paulo aliwaonya ndugu waliokuwa wakidhulumiana na kunyang'anyana; hakuwa akizungumzia mtoto ambaye haijulikani atalala wapi wala nani atamlipia ada. Baraza la kanisa laweza kuwaombea wazazi, kuwashauri, hata kuwachukulia hatua za nidhamu. Haliwezi kutoa amri ya malezi. Nchini Tanzania kazi hiyo ni ya mahakama. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 hutaka mgogoro upite kwanza, kwa kawaida, katika baraza la usuluhishi wa ndoa kabla ya maombi ya talaka. Kuhusu watoto, sheria hiyo huweka ustawi wa mtoto mbele. Matakwa ya wazazi huangaliwa, ya mtoto pia akiwa na umri wa kujieleza, pamoja na mila za jamii yao. Mtoto aliye chini ya miaka 7 huchukuliwa kwamba ni heri akae na mama yake, ingawa dhana hiyo yaweza kupingwa. Kwa hiyo ukoo unaosema, "Tulitoa ng'ombe, watoto ni wetu," haujamaliza shauri. Wala mama anayesema, "Nilimzaa mimi," hajalimaliza.

Upanga wa siku hizi hauonekani kirahisi. Baba anazuia ada ya muhula ili mama ashike adabu. Mama anamhamishia mtoto kijijini kwa bibi yake, baba asijue hata jina la shule. Mtoto wa miaka 9 anaulizwa mbele ya wajomba, "Unampenda nani zaidi?" Upo na upanga ambao Waadventista wanaujua kuliko wengine, nao ni Sabato. Mzazi aliyebaki kanisani anamzuia mtoto asimwone mwenzake aliyerudi nyuma, akisema analinda imani ya mtoto. Pengine analinda kweli. Lakini mtoto aliyenyimwa baba kwa jina la Sabato ataikumbuka Sabato kwa namna hiyo. Ni afadhali wazazi wakubaliane mapema: Ijumaa jioni mtoto atakuwa wapi, nani atampeleka kanisani, na siku zipi za wiki au za likizo ni za mzazi wa pili.

Jambo moja lisichanganywe. Mama yule alimwachilia mtoto ili aishi. Kisa chake hakimtaki mtu yeyote amwache mtoto mikononi mwa mzazi anayempiga au kumnajisi. Palipo na ukatili, mzee wa kanisa asiketi kupatanisha. Awapeleke kwa afisa ustawi wa jamii au dawati la jinsia na watoto la polisi, siku hiyo hiyo.

Soma Mathayo 19:3-15. Mara tu baada ya mafundisho juu ya talaka, watoto wanaletwa kwa Yesu, na wanafunzi wanawakemea waliowaleta. Kama mtoto wa nyumba iliyovunjika anahudhuria darasa lenu Sabato moja na kukosa inayofuata, mwalimu wake anamwandikaje katika daftari la mahudhurio, na anamwambia nini akirudi?