Wanyama Kwanza, Majina Baadaye

Ndugu zangu walimu wa Ibanda, Kadutu na Bagira, fungueni tena Kitabu cha Mwanzo, sura ya pili, mtazame jinsi somo la kwanza la dunia lilivyofundishwa. Mungu hakumpa Adamu orodha ya majina ili aikariri usiku kucha na kuitapika asubuhi. Alimletea wanyama. Wakapita mbele yake na pembe zao, manyoya yao na harufu yao, Adamu akawatazama. Jina lilikuja mwisho. Sisi tumeupindua utaratibu huo: tunaanza na majina, na mara nyingi wanyama hawafiki kabisa.

Ingieni darasa la mwaka wa tano hapa Bukavu, saa nne asubuhi. Mtoto anasimama, mikono nyuma, anatoa kwa Kifaransa maana ya ziwa. Hajakosea hata neno. Nyuma ya bega lake, dirishani, Ziwa Kivu lote linang'aa, na hakuna hata mmoja aliyegeuza shingo kulitazama. Mwalimu anasema vizuri sana, wenzake wanampigia makofi, anaketi. Sasa muulize mtoto huyo maji ya ziwa lile yanatokea upande gani. Atakutazama kama umemtukania mama yake. Anaishi karibu na mto Ruzizi, wajomba zake huuvuka kila siku kwenda Cyangugu kutafuta riziki, na bado hajui kama maji yake yanaingia ziwani au yanatoka!

Kisha ombeni fishi ya maandalio ya somo hilo. Kwenye mstari wa vifaa vya kufundishia pameandikwa, kwa mwandiko safi, "vitu halisi". Direkta ametia sahihi. Vitu gani? Viko wapi? Karatasi imetoa ushahidi wa uongo, na muhuri umeubariki.

Hiyo ndiyo dhambi ninayoikemea leo, na dawa yake ni kongwe kuliko shule zetu zote. Ni falsafa ya uhalisia. Msitishwe na jina. Inafundisha kwamba dunia ilikuwepo kabla yetu na haingoji tuifikirie ndipo iwepo; kwamba akili ya mwanadamu, hata ya mtoto wa Cimpunda aliyekuja darasani bila kula, ina uwezo wa kuijua; na kwamba neno huwa la kweli pale tu linapolingana na kitu. Aristotle alikuwa mwanafunzi wa Plato, lakini hakukubali kumfuata mwalimu wake kuutafuta ukweli katika maumbo yasiyoshikika. Alikaa katika kisiwa cha Lesbos akichunguza samaki na pweza, akiwapasua aone ndani mna nini. Katika karne ya 13 Thomas wa Akwino alilipokea fundisho hilo akalibatiza: alisema ujuzi wetu huanzia kwenye milango ya fahamu, kwa macho, masikio na mikono. Na Comenius, mchungaji wa Moravia, alichapisha mwaka 1658 kitabu cha shule chenye picha kwa kila somo, ili mtoto asipewe neno bila kuonyeshwa kitu. Mtu huyo alikuwa mkimbizi, aliyefukuzwa kwao na vita na kuzunguka nchi za watu. Nawaambia ninyi mnaosema vita haituruhusu kufundisha vizuri: somo la vitu lilitengenezwa na mtu aliyeteketezewa nyumba.

Wala tusijisingizie kwamba fundisho hili ni geni Bukavu. Mwaka 1879 Papa Leo XIII aliagiza shule za Kanisa zirudi kwa Thomas, na wamisionari waliotufikia walilelewa katika agizo hilo. Mapadri waliopita seminari ya Murhesa wamelisoma. Wajezuiti waliofungua hapa mwaka 1938 shule tunayoiita leo Alfajiri walikuja nalo. Mji huu ulifundishwa na watoto wa Aristotle! Imekuwaje tukabaki na maganda ya maneno?

Najua jibu la wazee, na wana haki nalo. Chini ya Wabelgiji, "kitu halisi" kilikuwa jembe. Watoto walitolewa darasani wakalime shamba la misheni, wakaambiwa hiyo ndiyo elimu inayowafaa. Lovanium, chuo kikuu cha kwanza nchini, kilifunguliwa mwaka 1954, na uhuru ulipofika mwaka 1960 Wakongo waliokuwa na shahada walihesabika kwa vidole. Baba zetu waliona kwamba mwenye Kifaransa alikaa kivulini na mwenye jembe alibaki juani. Wakalikumbatia neno, wakalikimbia shamba. Nani awalaumu?

Lakini sikieni vizuri. Mkoloni hakutufundisha uhalisia. Alitukatia nusu yake. Aliupa mkono kazi, akainyima akili sababu. Aristotle hakumpasua samaki ili ajue kupasua samaki. Alitaka kujua kiungo hiki ni cha nini, kwa nini kiko hapa wala hakiko pale, na samaki wa aina nyingine ana nini badala yake. Kutoka kwenye kitu alipanda hadi kwenye sababu. Mkoloni alitupa kitu bila sababu. Sisi tunawapa watoto wetu sababu iliyoandikwa tayari ubaoni, bila kitu. Tofauti ni kubwa, matunda ni yaleyale: mtu mzima anayengoja kuambiwa.

Mnataka ushahidi kwamba dunia haisomi karatasi zetu? Tarehe 3 Oktoba 2024 boti MV Merdi ilitoka Minova, katika jimbo letu hili, ikapinduka karibu na bandari ya Kituku, Goma, watu wakitazama kutoka ufukweni. Ilikuwa imejazwa kupita kiasi. Makumi ya ndugu zetu walikufa. Walipanda maji kwa sababu vita vilikuwa vimeifunga barabara. Simhukumu hata mmoja wao, na Mungu awapokee. Ninauliza swali la shule. Kanuni ya Arkimede imo katika madaftari yetu yote, imepigiwa mstari kwa kalamu nyekundu. Ni watoto wangapi waliowahi kuelesha kopo tupu katika beseni la maji, wakatia kokoto moja moja, wakaona ukingo wa kopo ukiyasogelea maji, hadi ile kokoto ya mwisho, isiyo nzito kuliko wenzake? Beseni lipo kila nyumba. Kokoto ni za bure. Mtoto aliyeiona kokoto ile, siku moja akawa mwenye boti, au askari wa bandarini, au mama mwenye gunia la maharage anayetafuta nafasi, anajua kitu ambacho mstari mwekundu haukumfundisha.

Twendeni sasa Funu, hapa mjini. Pale kilima kinatembea taratibu chini ya nyumba za watu, na watafiti wameupima mwendo wake hata kwa setilaiti. Kuta zina nyufa, na kila mwenye nyumba anaujua ufa wake kama anavyomjua mwanawe. Mwalimu wa Kadutu, unalia huna maabara? Chukua saruji kidogo, kiasi cha kijiko, ipake juu ya ufa kama kiraka cha upana wa vidole viwili, uandike tarehe kwa msumari kabla haijakauka. Kila Jumatatu watoto wapite wakitazame. Kiraka kikikatika, ukuta umesogea, na hakuna direkta wala chifu wa mtaa anayeweza kuubishia. Wapime mwanya kwa rula waandike. Ndipo uwape neno la Kifaransa la maporomoko. Ndipo uchore mishale ya nguvu ubaoni, uwaambie habari za mvua, za mti uliokatwa, za mtaro uliojaa takataka, za nyumba ya pili iliyobebeshwa juu ya mteremko wa ya kwanza. Neno likija hapo litakuta kiti kimewekwa tayari.

Au chukueni samaki sambaza. Yupo mtoto Bukavu asiyewajua? Wanaliwa kila mahali, wabichi na wakavu, na usiku taa za wavuvi wao huonekana ziwani kutoka kwenye vilima vyetu, mitumbwi mitatu mitatu iliyounganishwa. Sasa niambieni ni wangapi kati yenu mmewafundisha watoto kwamba samaki huyo si mwenyeji. Aliletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, kwa kuwa maji ya wazi ya Kivu yalikuwa na chakula cha samaki lakini samaki wa kukila hawakuwepo. Fungu moja la sambaza darasani, na una somo la mdomo, matamvua na magamba. Una somo la historia. Una somo la hesabu kwa bei ya asubuhi na bei ya jioni. Na una swali ambalo mwenyewe huenda huna jibu lake: kwa nini anavuliwa gizani kwa taa, asivuliwe mchana? Usiogope kusema sijui mbele ya watoto. Mwalimu anayeogopa samaki afundishe nini?

Unanijibu: mhubiri, nina watoto wengi kuliko madawati, na tumbo langu lina njaa. Kweli. Tangu Septemba 2019, elimu ya msingi ilipotangazwa kuwa bure, madarasa yamefurika, na wenzetu wengi wameendelea kufundisha bila kuwemo kwenye orodha ya mishahara. Huo nao ni uhalisia, na anayehubiri uhalisia huku anauficha huo ni mnafiki. Serikali inayodai vifaa halisi kwa mwalimu na kumlipa ahadi, nayo imeanza na jina ikamsahau mnyama. Tulidai haki hiyo na tuendelee kuidai. Ila usilipize deni la serikali kwa mtoto. Kokoto hazingoji mshahara.

Wapo pia wanaolitumia jina la uhalisia kama blanketi la kujifunikia. Tuwe wahalisia, wanasema, hapa ni vita, hapa ni umaskini, mtoto atosheke na kujua kusoma jina lake. Huo ni uvivu uliovaa kanzu ya falsafa. Anayekiona kitu kilivyo huona pia kinavyoweza kuwa. Mbegu, alisema Aristotle kwa maneno ya kwao, ina zao lake ndani yake. Na wapo walimu wanaodhani wamekuwa wahalisia kwa sababu wanashindilia habari nyingi vichwani. Charles Dickens aliwacheka watu hao mwaka 1854, katika hadithi ambamo binti aliyekulia kati ya farasi anashindwa mtihani wa kueleza farasi ni nini, huku mvulana anayetaja idadi ya meno ya farasi anasifiwa. Ingekuwa Bukavu, mvulana huyo angepata pointi zote.

Pointi! Nizungumze na ninyi wazazi, mnaouza mbuzi kulipa minervali, na baadhi yenu mnaoongeza bahasha ili mtoto apite. Mama wa soko la Kadutu, wewe hudanganyiki kwa karatasi. Ukiletewa unga kwa kopo la Guigoz, unaligeuza kwanza uone kama kitako chake kimebonyezwa kwenda ndani. Unajua kopo la jina lilelile haliwi lazima na ujazo uleule. Mbona cheti cha mwanao hukigeuzi? Kimebonyezwa wapi? Mtoto mwenye Egzeta, cheti cha mtihani wa taifa, ya kununuliwa atakwenda kusomea udaktari. Pale Panzi, katika hospitali ambayo Denis Mukwege aliianzisha mwaka 1999, mwanamke aliyejeruhiwa anapolazwa mezani, jeraha haliulizi daktari alipata asilimia ngapi. Limechanika lilivyochanika, na anayelishona lazima aone palipo. Mungu atuepushe na siku ambayo mkono utakaoshika uzi ule utakuwa mkono wa bahasha yako.

Wakaguzi, nanyi mna hukumu yenu. Mnafika shuleni mnaomba madaftari ya maandalio, mnahesabu sahihi, mnakwenda. Safari ijayo acheni madaftari mezani. Mwombeni mtoto mmoja, yeyote, awaonyeshe kwa kidole kitu alichojifunza wiki hii. Kwa kidole! Kama hakuna cha kuonyesha, andikeni hivyo kwenye ripoti, hata kama fishi zimejaa wino.

Nanyi vijana wa ISP, chuo cha ualimu, mnaojiandaa kwenda staji, kwenu ndiko ninakotumaini zaidi. Mtapewa fishi za zamani mzinakili. Mtaambiwa darasa zuri ni lile lililonyamaza. Nunueni fungu moja la sambaza, mgawane gharama, mwingie nao darasani wangali wanatoa harufu ya ziwa. Watoto watasukumana, dawati litaanguka, mmoja atapiga kelele kwamba samaki ana meno, mwingine atabisha. Mtathmini aliyekaa nyuma atakunja uso na kukukata pointi za nidhamu. Muache akukate, na kengele ikilia usiwafukuze wale watakaobaki mezani bado wanabishana juu ya meno.