Bahasha Kwenye Safu ya Mbele

Khutba ya leo imeletwa na bahasha. Ijumaa iliyopita kijana wa safu ya mbele aliposujudu, ilimchomoka mfukoni, pasipoti tatu za wageni zikatawanyika kwenye mkeka. Waliomwona walitabasamu. Kariakoo inamjua: ni kishoka wa vibali vya kazi.

Kijana huyu ana moyo. Hakuna msiba mtaani asioufikia, na mama yake mgonjwa anamtegemea yeye. Ndiyo maana anasemwa, tena kwa uchungu.

Sheria ya ajira za wageni ya mwaka 2015 inamtaka mwajiri athibitishe kwamba Mtanzania mwenye ujuzi ule ametafutwa akakosekana, kisha aoneshe nani atarithishwa kazi hiyo. Kishoka anauza njia ya kuyaruka yote mawili. Muuza vikombe dukani anaandikwa mtaalamu wa mitambo. Faili lililolala mezani linaota miguu likishapewa chai. Wakati huo fundi aliyehitimu VETA anaswali safu ya nyuma, hana kazi. Hata mgeni hasalimiki: kibali kikigundulika ni cha kughushi, kishoka hapokei tena simu.

Utetezi wake ni kwamba hatoi wala hapokei, anabeba tu. Waumini wanamkumbuka ar-rashi, mtoa rushwa, wanamkumbuka al-murtashi, mpokeaji, wanamsahau ar-ra'ish! Riwaya ya Thauban kwa Imamu Ahmad inamtaja huyo anayetembea kati yao, na laana ya Mtume haikumruka.

Na afisa anayeiita bahasha zawadi? Ibn al-Lutbiyya, mkusanya zaka wa Mtume, alirudi na zaka ya Banu Sulaym akajitengea fungu la zawadi. Mtume alimuuliza kama zawadi hiyo ingemfuata angebaki nyumbani kwa wazazi wake.

Wazee nao wasijifiche nyuma ya vijana. Wapo wanaoazimisha majina yao kwenye leseni za maduka ya wageni, wakipokea kila mwezi. Amri ya Julai 2025 iliyowafungia wageni biashara 15 inamgusa pia raia anayewasaidia: faini ya shilingi milioni 5 au kifungo cha miezi mitatu. Kuna ambao kwa fedha hizo wamekwenda Umra, wakarudi na tende za kugawa msikitini. Al-Baqara 188, inayokataza kula mali za watu kwa batili, wanaihifadhi.

Mlango wa toba uko wazi. Mwenye pasipoti ya mtu mfukoni airudishe leo, kabla ya Alasiri, pamoja na pesa aliyochukua.