Kuyatambua Mapenzi ya Mungu Pamoja

Somo: Matendo ya Mitume 15

Wapendwa ndugu katika Kristo, na hasa ninyi wazee wa kanisa mlioko Kibiti na kwenye milango ya mto Rufiji, salamu katika Bwana.

Mwajua jinsi chombo kiingiavyo mtoni kwenu. Nahodha hushika usukani, lakini haoni mafungu yaliyo chini ya maji. Mbele husimama mwenye pondo, apimaye kina na kuita. Na mwingine huangalia kama maji yanajaa au yanakupwa. Nahodha asiyemsikia mwenye pondo hupwelewa, hata akiwa bingwa wa bahari. Ndivyo ilivyo kwetu tuliopewa kuliongoza kundi la Mungu.

Kanisa la kwanza lilipopatwa na shauri gumu, kwamba watu wa mataifa watahiriwe au wasitahiriwe, mitume na wazee walikutana Yerusalemu. Walihojiana sana, wala Luka hakulificha jambo hilo. Petro akasema aliyoyaona. Barnaba na Paulo wakasimulia, na mkutano wote ukanyamaza kuwasikiliza. Kisha Yakobo akayalinganisha hayo na maneno ya manabii. Ndipo walipoandika barua, wakimtaja Roho Mtakatifu kwanza, kisha wao wenyewe. Tazameni taratibu yao: ushuhuda, kunyamaza, Neno, ndipo shauri. Lakini sisi mara nyingi huanza na shauri, kisha humwomba Mungu alitie muhuri.

Nchi hii yenyewe yatufundisha. Baada ya mafuriko ya mwaka 1968 serikali iliwahamisha watu wa bonde la Rufiji, wakakae juu palipo salama. Nia ilikuwa njema. Lakini rutuba iletwayo na maji ilibaki bondeni, na mashamba yakawa mbali na nyumba. Hata watu wakarudi kulima na kukaa katika madungu yao. Hatusemi haya ili kuwalaumu waliotangulia, bali tujue ya kuwa nia njema peke yake si utambuzi. Shauri likikatwa bila wenyewe, miguu yao hulikataa.

Nasi tumekosa vivyo hivyo. Mafuriko yalipofika tena Rufiji na Kibiti mwezi wa Aprili 2024, tulikaa barazani kugawa chakula kidogo tulichokuwa nacho. Tuliomba kwa ufupi, tukahesabu mikono, tukatoka tukifurahi kwamba tumemaliza upesi. Mama mmoja mzee hakusema neno, wala hatukumwuliza. Baadaye tulisikia kwamba yeye alizijua habari za wajane waliobaki madunguni, Wakristo kwa Waislamu, ambao majina yao hayakuwamo katika daftari letu. Tuliona haya mbele za Mungu. Kukubaliana kwetu kulikuwa kukubaliana kwa wenye haraka tu.

Basi, ndugu, yatupasa nini? Kwanza, tunyamaze mbele za Mungu kabla ya kusema mbele ya watu. Pili, mwenyekiti amwulize kila mmoja, akianza na aliye mdogo, maana mkubwa akitangulia, wengine humfuata kwa heshima. Tatu, tulipime shauri kwa Neno, tena tuulize litamfanyia nini aliye mnyonge kuliko wote. Nne, mmoja akiona uzito moyoni, tusimwite mkaidi. Tungoje, kama chombo kingojavyo maji kujaa. Lakini njaa haingoji. Jambo lisilongoja tulitende kwa hofu ya Mungu, nasi tuwe tayari kuungama na kutengeneza palipoharibika.

Wala tusidhani kwamba waongozwao na Roho hawahitilafiani kamwe. Sura ile ile yaishia kwa Paulo na Barnaba kuachana kwa ajili ya Marko. Hata hivyo Paulo, alipokuwa kifungoni, aliagiza Marko aletwe kwake, maana alimfaa. Mungu hakukiacha kilichovunjika.

Basi mtakapokutana mwezi huu, mwulizeni yule ambaye hajasema. Huenda ndiye aliyeshika pondo. Bwana awape masikio ya kusikia na moyo wa kutii. Amina.